Mkuu Aliyetutendea Sote Sawa

Nilipokuwa na mimba ya miezi minane nilimwomba Mkuu wa shule kiti cha kukalia ninapofundisha. Alinisikiliza kwa makini, akanipa pole, akauliza habari za mume wangu na za mama mkwe, kisha akaniambia haiwezekani. Mwalimu wa Hesabu alikuwa anafundisha amesimama, mwalimu wa Jiografia amesimama, na yeye mwenyewe miaka yote alifundisha amesimama. Akinipa mimi kiti atakuwa amewabagua wale. Nikatoka ofisini nimeshika kiuno, na mpaka nafika darasani nilikuwa sijajua kama nicheke au nirudi nikamtukane.

Huyo ndiye Mkuu wetu. Jina lake silitaji kwa sababu bado yu hai na ana wajukuu wanaojua kusoma, na pia kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa mtu wa majina. Wanafunzi wote aliwaita "mwanafunzi". Walimu alituita kwa masomo yetu, hivyo mimi kwa miaka yote niliyofanya kazi chini yake nilikuwa Mwalimu wa Uraia. Alisema ukimwita mmoja kwa jina, yule ambaye hukulikumbuka jina lake atajiona mnyonge. Nadhani pia majina yalimshinda, lakini hilo hakulisema.

Shule yetu ilikuwa ya bweni, juu ya barabara iendayo Ujiji, na watoto walitoka kila upande. Wengine walitoka hapo hapo Ujiji kwa Waswahili wa zamani, wengine Mwandiga kwa wakulima, na wengine walishuka kwenye mitumbwi ya abiria pale Kibirizi wakiwa na masanduku yao ya bati, wametoka vijiji vya kaskazini ambako gari halifiki. Mkuu aliwapokea wote getini kwa maneno yale yale. Shule hii haimbagui mtu. Kisha aliwapa wote kazi ya kufyeka, mwenye mkono mzima na mwenye mkono uliofungwa bandeji.

Chai ya walimu aliiwekea utaratibu. Kila kikombe kilitiwa sukari vijiko viwili jikoni, kabla hakijafika mezani, ili pasiwe na mwalimu wa vijiko vitatu. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa na kisukari. Alikunywa maji ya moto kwa miaka mingi, na kila siku kikombe chake kitamu kilipoa mbele yake, kwa sababu Mkuu alisisitiza apewe haki yake kama wenzake.

Golikipa wa timu ya shule alipata glavu kutoka kwa mjomba wake wa Dar es Salaam. Mkuu akazizuia ofisini mpaka wachezaji wengine kumi nao watakapopata. Nilimweleza kwamba wale wengine hawaruhusiwi kushika mpira. Akasema hayo ni mambo ya michezo, yeye anashughulikia haki. Tulifungwa na shule ya jirani mabao ambayo sitayataja, na golikipa akarudi bwenini vidole vimevimba.

Nisije nikamwonea. Alikula ugali wa muhogo na dagaa pamoja na wanafunzi, kwenye sahani ya bati kama zao, na hakuwahi kukubali migebuka ya kukaanga, samaki watamu wa ziwani, ambayo mpishi alimfichia kwa kujipendekeza. Mtoto wake mwenyewe alisoma pale, na alifyeka majani mpaka akamwomba mama yake amhamishe. Mjumbe wa bodi alipoleta mpwa wake aliyechelewa kuripoti, Mkuu alimrudisha getini asubiri na wachelewaji wengine, na mjumbe akaondoka amenuna. Mtu wa namna hiyo huwezi kumchukia ukamaliza.

Na liko jambo moja ambalo kwa hilo nilimpenda. Watoto wa Kagunga, kwa kuwa kijiji chao kimepakana na Burundi, walitaniwa bwenini kwamba ni Warundi. Kwetu Kigoma utani huo una makali, kwa maana wapo watu wazima wenye mvi ambao bado wanaulizwa kila ofisi bibi yao alizaliwa wapi. Siku moja akaja bwana mmoja mwenye mkoba, akasema ametumwa kuwahakiki wanafunzi wa vijiji vya mpakani. Alitaka wa Kagunga watengwe pembeni, kila mmoja aeleze wazazi wa wazazi wake. Mkuu akamuuliza kama atawahakiki na wa Ujiji. Yule bwana akasema hapana, wa Ujiji wanajulikana. Mkuu akavuta kiti akaketi mbele yake, jambo ambalo kwake lilikuwa kubwa.

"Basi anza na mimi," alimwambia. "Babu yangu mzaa mama simjui hata kaburi lake. Ukimaliza na mimi nenda kwa walimu, ukimaliza walimu nenda kwa wapishi, kisha kidato cha kwanza mpaka cha mwisho. Au wote, au hakuna."

Yule bwana alikaa mpaka chai ya saa nne, akanywa kikombe chake cha vijiko viwili, akaondoka na mkoba wake. Hakurudi. Wale watoto wa Kagunga hawakujua jinsi walivyoponea chupuchupu, ila sisi tulijua.

Au wote, au hakuna. Ilikuwa ndiyo dini yake. Aliijua kwa kichwa ile ibara ya Katiba inayosema watu wote ni sawa mbele ya sheria, na aliitamka kila Jumatatu mstarini mikono nyuma, wanafunzi wakimfuatisha. Mimi ndiye niliyekuwa nafundisha Uraia. Nilijua ibara ile ina vifungu zaidi ya vile alivyovikariri, na nilijua iko sheria nzima ya watu wenye ulemavu, inayotaka shule impe mtoto kile anachokihitaji ili asome kama wenzake. Nilimpelekea. Aliigeuza geuza, akaifunika, akaniambia nijihadhari, sheria zikizidi zinachanganya watu.

Hakuisoma kwa sababu hakuweza. Hii ilikuwa siri ya shule nzima, na aliyedhani haijulikani alikuwa yeye peke yake. Macho yake yalikuwa yamechoka siku nyingi, na miwani hakuitaka, maana mkuu mwenye miwani, kwa mawazo yake, ni mkuu anayeanza kuondoka. Ukimpa karatasi aliishika mbali, akaitazama kwa hasira kidogo, kisha akakwambia uisome wewe kwa sauti ili uzoee kujieleza. Hotuba zake karani alizichapa kwa herufi kubwa kiasi kwamba salamu peke yake ilijaza ukurasa. Siku ya mahafali alipanda jukwaani na bunda zito, wageni wakahema, halafu akamaliza kwa dakika chache. Kutokana na hotuba zile tulikuwa tunaishiwa karatasi za mitihani ya majaribio, na hakuna mwalimu aliyethubutu kusema.

Ndipo alipokuja Zuhura.

Zuhura alitoka Mwamgongo, na alikuwa na ualbino. Alifika na barua ya daktari wa macho, kofia pana ya kitambaa aliyoshonewa na mama yake, na akili ambayo niliiona wiki ya kwanza. Mkuu alimpokea kwa maneno yake ya getini, kisha akaivua ile kofia kwa mkono wake mwenyewe, bila ukali wowote, akamkabidhi. Kofia si sehemu ya sare. Mstari wetu ulikuwa uwanjani na jua la ziwani likishapanda halina huruma. Baada ya wiki mbili midomo ya mtoto ilikuwa imepasuka, na shingo imeanza vidonda.

Nilimfuata Mkuu nimewaka. Akanisikiliza, akasikitika kweli, na kesho yake akatoa amri. Kuanzia siku hiyo mstari utakuwa alfajiri kabla jua halijatoka, kwa shule nzima. Alijiona amemaliza kazi. Mamia ya watoto wakawa wanaamshwa gizani kwa ajili ya ngozi ya mmoja, na bila shaka walijua ni kwa ajili ya nani. Zuhura alikuta godoro lake limemwagiwa maji mara tatu kabla matroni hajaingilia kati. Kofia moja ingetosha.

Darasani ikawa hivyo hivyo. Mtoto haoni ubao akiwa nyuma, kwa hiyo akae mbele. Hilo hata kuku angelielewa. Mkuu alikuwa na utaratibu wake wa kuhamisha viti. Kila Jumatatu safu ya mbele inarudi nyuma na wengine wanasogea, ili kila mtu aonje kila mahali. Zuhura zamu yake ya nyuma ilipofika alikaa akisikiliza kwa masikio matupu, na ilipofika zamu ya mbele alinakili kwa pupa yale ya wiki zilizopita. Nikimwuliza kama anaona, anajibu anaona kidogo. Alikuwa ameshajifunza kwamba kila akisema hapana, adhabu inawapata wenzake wote.

Alipokuwa kidato cha nne mama yake alikuja. Alifika adhuhuri kutoka Kibirizi, kanga zake zina harufu ya dagaa, akapiga magoti kidogo akamsalimu Mkuu kwa Kiha akipiga makofi taratibu kama wanavyosalimiwa wakubwa kwao. Mkuu alikuwa amepiga marufuku Kiha shuleni, ili wa Ujiji wasione wametengwa, lakini alimwitikia kwa Kiha, tena kirefu. Mimi nilikuwa nimeitwa kwa sababu nilikuwa mwalimu wa darasa. Mama alisema amesikia kwamba baraza la mitihani lina karatasi za maandishi makubwa kwa watoto wa aina ya mwanawe, na muda wa ziada, mradi shule iombe mapema. Mkuu akaanza maneno yake. Shule hii haimbagui mtu, karatasi ni moja, muda ni mmoja.

Mama alimwacha amalize. Kisha akasema, sasa kwa Kiswahili ili na mimi nisikie:

"Mwalimu, mimi kazi yangu ni kuanika dagaa mchangani. Jua kutwa nzima. Wenzake wakifeli watarudi tuanike nao. Huyu akirudi, jua litamla, nitamzika kabla yangu. Mimi sina kivuli kingine cha kumpa isipokuwa hiki chako."

Mama akashukuru, akaaga, akashuka kuwahi mtumbwi. Nilimwambia Mkuu kwamba sheria ninayo mezani kwangu, na asipoomba nitaandika mwenyewe kwenda juu hata kama nitafukuzwa. Akasema niende darasani.

Wiki iliyofuata aliniita akiwa na uso wa mtu aliyepata usingizi. Alisema amelala nalo, ameamka nalo, na mwisho ameona njia ya haki. Ameomba karatasi za maandishi makubwa. Nilikaribia kumkumbatia. Halafu karani, aliyekuwa amesimama nyuma yake, akaniangalia kwa macho ya huzuni, nikajua kuna jambo. Mkuu alikuwa ameomba kwa darasa zima. Kidato cha nne chote, wasichana kwa wavulana, kila mmoja ameandikwa ana uoni hafifu. Maombi yalikuwa yameshaondoka.

Nani angeamini jambo hilo lisingefika mbali? Siku si nyingi likapanda gari la serikali, likashusha afisa wa elimu maalumu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamuru, pamoja na vijana wawili waliobeba boksi la fimbo nyeupe na mashine ya kuandikia nukta nundu. Walikuwa wamehuzunika njia nzima. Hawakuwahi kusikia shule ambayo darasa zima limepatwa na janga la macho, na mmoja wa wale vijana alikuwa ameanza kutaja maji ya visima. Walipoingia uwanjani, kidato cha nne kilikuwa kinacheza mpira. Winga wa kulia alipiga krosi ya mbali sana, mwenzake akaiunganisha kwa kichwa, ikaingia wavuni. Afisa akasimama akautazama mpira ule, kisha akamtazama Mkuu.

Darasa likapangwa mstari mbele ya ofisi. Afisa alikuwa na karatasi ya mtihani ya kawaida, ya mfano, akampa mtoto wa kwanza asome. Akasoma bila kukwama. Wa pili akasoma, tena kwa madaha. Kwa wa tatu afisa hakujisumbua. Akasema huu ni mzaha juu ya watoto wenye shida za kweli, kwamba ana shule ambazo vipofu wanagawana kitabu kimoja, na kwamba anafuta maombi yote ya shule hii, yote, kisha anaandika taarifa. Zuhura alikuwa mwisho wa mstari, mkono juu ya macho kujikinga na jua. Hakusogea wala hakusema. Nikafungua mdomo, na Mkuu akaninyamazisha kwa kiganja.

"Mheshimiwa," alisema, "shule hii haimbagui mtu."

"Sijakuuliza hilo," afisa akamjibu. "Nakuuliza ni nani hapa asiyeweza kuisoma karatasi hii. Nionyeshe mtu. Kama huna wa kunionyesha, nafunga."

Nimewahi kuona watu wakiungama kanisani na wengine wakiapa mahakamani, lakini sijaona mtu aliyepata tabu kutoa neno kama Mkuu asubuhi ile. Kumnyooshea mmoja kidole mbele ya wenzake, kusema huyu si kama nyie, ndilo jambo aliloliapia maisha yake yote kwamba hatalitenda. Aliipokea karatasi kutoka mkononi kwa afisa. Akainyoosha mbele, mkono mzima, akairudisha karibu, akainyoosha tena. Watoto wote walikuwa wanamtazama. Karani akainamisha uso.

"Tuko wawili," akasema. "Zuhura, na mimi."

Sikuwa najua kwamba analifahamu jina lake. Afisa naye alibadilika sauti, akamuuliza tangu lini. Mkuu akasema miaka mingi, na kwamba karani humsomea. Kisha akarudisha karatasi.

"Mimi sifanyi mtihani," alisema. "Mwandike yeye."

Zuhura aliandikwa. Siku ile ile alikaa safu ya mbele, na hakuhama tena. Kofia yake akaivaa, na mstari ukarudi saa yake ya zamani, jambo lililoipendeza shule kuliko haki zote zilizowahi kutangazwa pale. Mkuu aliagiza miwani Dar es Salaam. Ila nisidanganye kwamba alibadilika. Glavu za golikipa zilikaa ofisini mpaka anastaafu, na chai ilibaki vijiko viwili. Zuhura alifanya mtihani kwa maandishi makubwa na muda wa ziada, akafaulu vizuri, akaenda kidato cha tano, kisha chuo kikuu huko Dodoma. Niliwahi kupita Mwamgongo kwa shughuli za msiba, na mama yake alinifungia dagaa mfuko mzima hata nikashindwa kuubeba.

Mwaka huu nilimtembelea Mkuu Ujiji, kwenye nyumba ya mwanawe yule aliyehamishwa. Nilimkuta barazani amevaa miwani minene. Tangu wakati ule wa shule macho yamezidi kufifia, lakini maneno hayajafifia. Alinisimulia kwamba hospitalini wazee wana dirisha lao, na kwamba yeye hupita mbele bila aibu. Kijana mmoja akimlalamikia, humtajia sera ya wazee kwa kirefu mpaka kijana ajute. Mkewe alimletea samaki aina ya kuhe ambaye ameshatolewa miiba, sisi wengine tukaletewa na miiba yetu. Alikula. Nilimkumbusha kiti changu cha miezi minane, akasema kesi ile ilikuwa tofauti.

Tulipomaliza kula alijaribu kulitoa jambo moja mara mbili, akalirudisha. Mwisho akaniambia Zuhura amempigia simu. Chuoni wamemnyima maandishi makubwa na muda wa ziada kwenye mtihani wa mwisho, wanasema wanafunzi wao wote wanawatendea sawa. Asipofanya mtihani huo kwa namna anayoweza, miaka yote chuoni imekwenda bure. Ameweka malalamiko, na kamati inataka mtu aliyemfahamu sekondari aende kueleza. Mkuu ameshakatiwa tiketi ya treni, anaondoka Alhamisi.

Sitaficha kwamba iliniuma. Nani aliyempigania yule mtoto tangu siku ya kofia? Nilimwambia Mkuu waziwazi kwamba ningetarajia Zuhura anipigie mimi, na kwamba kwa macho yale safari ya Dodoma itamtesa.

Mkuu alivua miwani akaifuta kwa pembe ya shati.

"Hata mimi nilimwambia akuite wewe," alisema. "Akasema hapana. Mwalimu wa Uraia alikuwa upande wake tangu mwanzo, watasema anampenda. Akasema anamtaka yule aliyemnyima, akawaeleze alimnyima vipi, na alikuwa na hakika kiasi gani kwamba anatenda haki."